Damu ya Mara ya Pili

Idman alileta barua Jumapili saa nne, wakati maziwa yamekwisha kupungua sokoni na wanawake wameanza kunyoosha miguu. Hakuketi. Alimsalimia Rukiyo, habaryar yake, maana ndivyo mtoto anavyomwita mdogo wa mama yake, akampa bahasha ya kaki, akasema Alhamisi asubuhi daktari anawataka, yeye na mama, wote wawili. Rukiyo akamuuliza kuna nini. Idman akaitazama mitungi badala ya kumtazama aliyemuuliza, akajibu kwamba daktari ataeleza vizuri zaidi.

"Wewe ndiye ulinitoa damu," Rukiyo akamwambia. "Wewe ndiye ulinibembeleza niingie kwenye mambo yenu. Leo umekuwa tarishi, huna neno?"

Idman akacheka kile kicheko cha kuondokea, akapita katikati ya meza akaenda zake. Hata chai aliyomiminiwa hakuigusa.

Rukiyo alikuwa muuza maziwa ya ngamia, mwaka wa kumi na saba kwenye meza ileile, hapo Garissa mjini. Alijulikana kwa jambo moja. Kila mtungi uliofika kwake aliufungua, akachovya kichwa cha njiti ya kiberiti ndani ya maziwa, kisha akaikwaruza. Maziwa yakiwa safi, njiti huwaka. Yakiwa yametiwa maji, njiti hukataa, na mwenye mtungi huubeba akaondoka nao mbele ya macho ya watu wote. Wanawake wa Kotile waliomletea maziwa walimwita askari wa forodha. Mitungi asiyoijaribu ilikuwa ya mtu mmoja tu, dada yake Khadijo, ambaye alikusanya maziwa kutoka kwa wafugaji wa ng'ambo ya mto akamletea kila alfajiri. Mtu hampimii dada yake kwa njiti. Hata wale waliomchukia Rukiyo kwa kiberiti chake walikubali kwamba hapo ana haki.

Barua aliisoma polepole, kwa kidole, maana shule aliiacha darasa la tano. Haikusema mengi. Matokeo muhimu ya afya yako. Tafadhali fika bila kukosa. Chini kulikuwa na jina lake na jina la dada yake, yamefuatana kama yalivyofuatana siku zote. Akaikunja, akaitia kifuani, na hapohapo akakumbuka ni kifua kipi, akaitoa akaishika mkononi.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Watu wa mradi walitafuta wanawake wenye ugonjwa wa sukari ambao mama zao walikufa kwa kansa ya matiti. Walitaka damu zao zisomwe hadi ndani, kwenye jeni, ijulikane kama magonjwa haya mawili yana mzizi mmoja. Dada kwa dada walitakiwa zaidi. Idman, binti ya Khadijo, alikuwa amesomea kazi ya maabara, na mradi ulimwajiri kutoa damu na kuandika familia. Alianza na ya kwao. Rukiyo alikuwa na sukari, Khadijo alikuwa na sukari, na hooyo, mama yao, alikufa kwa titi. Hakukuwa na familia iliyofaa kuliko hiyo.

*

Alasiri ileile Rukiyo alikwenda kwa dada yake. Alimkuta ameketi mkekani anachambua mchele ambao ulikuwa umekwisha kuchambuliwa.

"Umeijua habari yake?" Rukiyo akauliza.

Khadijo akasema anaijua, Idman amemwambia kidogo. Akaokota punje, akaitazama, akairudisha.

"Ni ule wa hooyo," akasema. "Si ugonjwa wenyewe. Ni mbegu yake. Wameikuta kwenye damu."

"Kwa nani?"

"Kwetu."

"Sote wawili, abaayo, dada yangu?"

"Sote wawili," Khadijo akasema, na macho yakarudi kwenye mchele.

Rukiyo hakulia. Alikuwa ameingoja habari hiyo miaka kumi na saba. Yeye ndiye aliyemwosha hooyo kidonda kile, kwa sababu Khadijo harufu ilimshinda. Yeye ndiye aliyechemsha vitambaa na kuvianika nyuma ya nyumba watu wasivione. Tangu siku hiyo kila akioga alijipapasa, na kila alipokuta kifundo kidogo cha kawaida alikosa usingizi siku tatu. Sasa kwa namna fulani ilikuwa kama kupumzika. Mgeni aliyesubiriwa amebisha hodi.

Akamshika dada yake mkono, akamwambia wataenda pamoja, na asiogope. Khadijo akauacha mkono wake ushikwe, baridi, kama mkono wa mtu aliyelala.

*

Jumatatu Rukiyo alikwenda kwa mama mkwe wake. Hawo alikuwa mzee wa maneno, na kwa miaka kumi na sita alikuwa na neno moja ambalo hakulichoka. Rukiyo alipomzaa Faiza alimnyonyesha siku arobaini tu, kisha akamwachisha, akamlea kwa maziwa ya mbuzi na ya pakiti. Hakumwambia mtu sababu. Hata mumewe Kerrow, ambaye kazi yake ni lori la Isiolo na nyumbani hufika kama mgeni, aliambiwa maziwa yamekauka. Hayakukauka. Rukiyo alijikamua chooni akayamwaga, kwa sababu aliamini kilichomuua hooyo kimo ndani yake, na hakutaka mtoto akinywe. Hawo alijua kwamba hayakukauka, maana aliona kanga zilizolowa. Ndiyo maana kwenye kila harusi na kila matanga alimwita mjukuu wake mtoto wa pakiti, na watu wakacheka, na Rukiyo akacheka nao.

Siku hiyo alimwambia yote. Alikaa chini, miguu amekunja, akasema mbegu ya ugonjwa imeonekana, na kwamba ndiyo sababu ya lile jambo la zamani, na anaomba msamaha kabla hajawa mgonjwa wa kuombewa. Tena akaomba, kama itafika huko, Faiza asiolewe haraka, amalize shule kwanza.

Hawo akaweka chini kikombe chake cha chai.

"Kumbe ulikuwa unaogopa," akasema. "Mimi nilisema maringo. Nimesema mbele ya watu mwanamke huyu anaringia titi lake."

"Ulisema, eedo," Rukiyo akasema, akimwita kwa heshima kama shangazi.

"Na wewe unacheka tu."

Bibi kizee akavuta ncha ya mtandio akajifuta. Lakini Hawo ni Hawo, na hakuweza kulizuia lililofuata. Akauliza kama mbegu hiyo inakwenda kwa binti. Rukiyo akasema wanasema inaweza. Hawo akahesabu kitu moyoni, na Rukiyo aliona anavyohesabu. Posa ambazo hazitakuja. Majirani watakaojua ifikapo Ijumaa. Rukiyo alitoka pale amesamehewa, na amemharibia mtoto wake jina kwa mdomo wake mwenyewe.

Usiku wa Jumatano Khadijo alipiga simu. Akauliza kama amekula. Akauliza kama Faiza yuko salama. Mara mbili akavuta pumzi kama anayetaka kuanza jambo, na mara mbili akasema basi, tutaonana kesho inshallah.

*

Daktari alikuwa mwanamke wa bara, Mumbua kwa jina, mpole, mwenye kuongea Kiswahili cha polepole akidhani ndicho watakachoelewa. Khadijo Kiswahili kilimpita kando, kwa hiyo Idman alisimama nyuma ya kiti chake amtafsirie. Rukiyo hakuhitaji. Kiswahili alikijulia sokoni, kwa kubishana.

Daktari akaeleza vizuri. Kuna badiliko katika jeni, hurithiwa kutoka kwa mzazi. Si kansa, ni hatari ya kansa. Watapigwa picha ya matiti kila mwaka. Wapo wanaochagua kuondolewa mapema, hilo litazungumzwa siku nyingine, hakuna haraka. Idman alitafsiri kwa sauti ndogo. Khadijo akaitikia kila neno.

Kisha daktari akatabasamu, kama mtu anayetaka kuwapunguzia mzigo.

"Lakini hamkuniambia kama nyinyi ni pacha."

Idman hakutafsiri.

"Pacha?" Rukiyo akasema. "Huyu ni mkubwa wangu kwa miaka minane, daktari. Alinibeba mgongoni."

Daktari akaitazama karatasi, akawatazama wao, akarudi kwenye karatasi. Akasema labda yeye ndiye hajaelewa, lakini damu hizi mbili zinafanana kila kitu, na dada wa kawaida hawafanani hivyo, wanafanana kiasi tu. Akafungua ukurasa wa nyuma. Akasema tena ajabu ni kwamba damu za kwanza zilikuwa kinyume, hazikuonyesha udugu kabisa, ndipo mradi ukadhani chupa zimechanganywa, ukaagiza zitolewe upya.

"Zikatolewa lini?" Rukiyo akauliza.

"Mara ya pili? Tarehe ishirini na sita mwezi uliopita."

Rukiyo alijua siku hiyo alikuwa wapi. Alikuwa Modogashe kwenye matanga ya shangazi ya Kerrow, siku tano mfululizo, anapika chai ya watu mia. Alimwambia daktari hivyo. Akamwambia yeye sindano ya mradi imemwingia mara moja tu maishani.

Daktari akaiweka karatasi mezani. Kisha akamgeukia Idman, na upole ukamtoka.

"Idman. Hizi chupa mbili ni mkono wa nani?"

Khadijo akavuta nguo ya binti yake, akauliza kwa Kisomali daktari anasema nini. Idman alikuwa ameziba mdomo. Basi Rukiyo akamjibu yeye.

"Anauliza damu iliyoandikwa jina langu imetoka mkono wa nani."

Khadijo akautazama mkono wake wa kushoto uliokuwa juu ya paja, akauingiza taratibu ndani ya jilbabu.

Daktari akalifunga faili kama mtu aliyefungua bafu akakuta mna mtu. Akasema kwamba amesema zaidi ya alivyopaswa, na kwamba anaomba nafasi ya kuzungumza na kila mmoja peke yake. Hakuna aliyemsikiliza.

*

Nje, kwenye korido, kulikuwa na benchi na mzani wa kupimia watoto. Khadijo akaketi. Rukiyo akabaki amesimama. Idman akasimama karibu na mlango, kitambulisho cha mradi kikining'inia shingoni.

Khadijo alisimulia akiwa anautazama mzani. Ule mwaka wa ukame, wa themanini na nne, walikuwa wamehama hadi karibu na Modogashe. Ng'ombe wamekwisha. Hooyo alikuwa amezika mtoto wa kike wa wiki mbili, na maziwa yanamtoka, nguo imeganda kifuani. Wakapita watu wa upande wa Wajir wakiwa na mwanamke aliyezaa njiani, na jioni yule mwanamke akafa. Hawakuwa na mnyama hata mmoja wa kukamwa. Wakamweka mtoto mapajani mwa hooyo, hooyo akampa titi, na asubuhi wale watu walikuwa wamekwisha kuondoka.

"Nilikuwa na miaka minane," Khadijo akasema. "Nilikuona unavyovuta. Tulidhani utamla."

Hooyo aliwahi kusema waseme ukweli, kwamba mtoto wa kunyonya ni halali na hana aibu. Aabo, baba yao, ndiye aliyekataa. Aliogopa watu watamwita mtoto wa barabarani. Akampa jina lake, Rukiyo Bulle, akijua dini haimruhusu, na jambo likafungwa. Hooyo alipokuwa anakufa alimwapisha Khadijo juu ya Kurani kwamba hatalisema kwa mtu.

Rukiyo akamkumbuka aabo jioni, anavyowapanga watoto na kuwataka wahesabu mababu, jina juu ya jina, kama kila mtoto wa Kisomali anavyofundishwa. Khadijo alikwama kwa babu wa tisa. Kaka yao Abdiwahab alikwama kwa wa kumi na moja. Yeye alifika wa kumi na tano bila kupumua, na aabo akampa tende.

"Nilikuwa nawashinda," akasema.

"Alikufundisha wewe kuliko sisi," Khadijo akasema. "Sisi tungesahau tungebaki kuwa watoto wake."

Muuguzi akapita na beseni, wakampisha. Mwanamke mmoja akaja kumweka mtoto kwenye mzani, mtoto akalia, akatolewa. Wakangoja wamalize.

Khadijo akaeleza la damu. Idman alipokuja kusema majibu ya kwanza hayalingani na inabidi itolewe nyingine, alijua mara moja. Akamwambia binti yake ukweli, na akamwambia kama anampenda mama yake atatoa chupa zote mbili kwenye mkono mmoja. Alifikiri hapo mambo yatakwisha. Abdiwahab kule Kotile akisikia, atakuja kuchukua kiwanja alichorithi Rukiyo, atasema si haki yake, na sheikh atamuunga mkono. "Nilikuwa nakulinda wewe, walaal, ndugu yangu. Wallahi nilikuwa nakulinda."

"Nakuamini," Rukiyo akasema. "Hilo la kiwanja nakuamini. Na hiki kiapo nakuamini. Nieleze la Jumapili."

Khadijo akavuta jilbabu hadi kidevuni.

"Jumapili nimekuuliza, sote wawili? Ukajibu. Ulikuwa unajua mbegu ni yako, mimi sina. Jumatatu nimekwenda kwa Hawo kumwambia mjukuu wake ana damu mbaya. Jumanne nimemwita Faiza nikamfundisha kujipapasa, mtoto wa miaka kumi na sita, analia. Jana umenipigia simu unaniuliza kama nimekula."

"Nilitaka kusema jana."

"Na ile miaka kumi na saba? Ulikuwa unaniona naogopa. Nilikuwa nakuja kwako, nakuambia shika hapa, abaayo, kuna kitu? Ukawa unashika."

Khadijo akajifunika uso. Kutoka ndani ya kitambaa akasema kwamba aliogopa kubaki peke yake na ugonjwa ule. Alilisema kwa sauti ndogo sana, na Rukiyo akajua kwamba katika yote yaliyosemwa siku hiyo, hilo ndilo lililokuwa la kweli.

Akamgeukia Idman. Huyu Rukiyo alimlea miaka miwili, Khadijo alipokuwa na kifua kikuu. Alimwogesha, alimpeleka darasa la kwanza kwa mguu.

"Na wewe uliyesoma?"

"Habaryar, ni mama yangu," Idman akasema.

"Ndiyo," Rukiyo akasema. "Wewe unaye."

*

Alirudi kwa daktari peke yake. Daktari akainuka, akamwomba radhi mara ya pili, akasema damu yake ile ya kwanza ndiyo ya kweli, na haina lile badiliko. Yeye wala binti yake hawana hatari zaidi ya mwanamke mwingine yeyote. Alingoja aone furaha. Hakuiona.

"Na sukari?" Rukiyo akauliza. "Nayo si yangu?"

Sukari ni yako, daktari akasema, endelea na dawa.

"Nimeirithi kwa nani?"

Daktari akasema karatasi haiwezi kujibu hilo.

Rukiyo akakaa kidogo na mikono mapajani. Akasema kuna swali jingine, na daktari asimcheke.

"Yule mama nilinyonya kwake miaka miwili. Miaka miwili, daktari. Kwenye damu yangu hakuna kilichobaki?"

Daktari hakucheka. Alifikiri jibu kwa muda, akitafuta pa kulilainisha, hakupaona.

"Kwenye damu, hapana. Maziwa hayaachi kitu tunachoweza kukisoma."

Rukiyo akashukuru, akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka, akasema Faiza amenyonya siku arobaini tu. Daktari hakujua kwa nini ameambiwa hivyo, akaitikia kwa kichwa.

*

Ijumaa Rukiyo hakwenda sokoni, wala Jumamosi. Jumapili alikuwepo kabla ya jua. Wanawake walijua kuna jambo, hawakujua ni lipi, na ile mizaha ya alfajiri ilikuwa michache. Raho wa meza ya pili alimuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, ameambiwa haumwi kabisa.

Khadijo alifika kama kila siku na mitungi miwili ya manjano, imefungwa shingo kwa kitambaa. Akaiweka chini mbele ya meza. Uso ulikuwa umevimba. Akatoa salamu, ikaitikiwa.

"Jumatano napigwa picha," akasema, karibu na sikio la Rukiyo. "Daktari amenipapasa, amekuta kitu kidogo upande wa kushoto. Idman wamemsimamisha kazi, hatoki chumbani. Sina wa kunisemea huko."

Rukiyo akaingiza mkono chini ya meza. Raho alidhani anatafuta faneli ya kumiminia. Akatoa kiberiti.

Maneno yakakatika meza ya kwanza, kisha ya pili, hadi kule kwa wauza kuni. Rukiyo akafungua kitambaa cha mtungi wa kwanza bila haraka, kama anavyofungua wa mwanamke yeyote wa Kotile. Akachovya njiti. Khadijo alisimama na mikono pembeni, macho ya soko zima yakiwa juu yake.

Njiti ikakwaruzwa. Ikawaka, moto mdogo wa manjano. Maziwa yalikuwa safi, kama yalivyokuwa safi kila siku kwa miaka kumi na saba.

Rukiyo akaitazama hadi ilipokaribia vidole, akaitupa.

"Jumatano saa ngapi?" akauliza.

"Saa mbili."

"Nitakuja nikusemee."

Akatoa njiti ya pili, akainama, akafungua mtungi uliobaki.